Kuna Mtu Yuko Njiani

Mwinjilisti wetu hakuwa na R. Kwake zote zilikuwa L, na sauti yenyewe ilitokea puani kama mtu mwenye mafua ya mwaka mzima. Kengele ya tatu imeshalia, kanisa limejaa, kwaya imesimama, mtoto wa mtu ameshaanza kulia, yeye anakwenda pale mbele, anashika kingo za meza, anatazama mlangoni, halafu anasema: "Tusubili kidogo. Kuna mtu yuko njiani."

Mpaka leo nikiisema hivyo watu wanacheka, kisha wananyamaza. Sauti yake naiweza kuliko sauti yoyote, na nimeigiza wengi mimi. Nimeigiza Mchungaji. Nimeigiza mwenyekiti wa mtaa na yule daktari wa zahanati anayeongea kama amebeba maji mdomoni. Marehemu mume wangu nilikuwa namwigiza yeye mwenyewe akiwepo, anakosa pa kuweka uso. Kusoma sijui. Herufi nikiziangalia naona dagaa waliomwagika tu. Lakini masikio Mungu alinipa, nikikusikia mara moja nimekubeba.

Basi ngoja niwaambie habari za mtu huyu. Na L zake nitaziacha, nikizifuata zote tutakesha.

Alikuwa anasubiri muda wa wimbo mzima wa beti nne. Ukitaka kujua ni mrefu kiasi gani, kaa kwenye benchi lisilo na egemeo, tumbo tupu, na upepo wa ziwa unakupiga kisogoni kwa sababu mlango hauruhusiwi kufungwa. Mchanga unaingia. Harufu ya samaki inaingia. Siku moja aliingia bata, akatembea mpaka madhabahuni, nami nikasema kwa sauti, "Haya Mwinjilisti, mgeni wako kafika, tuanze." Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Yeye alimtoa bata taratibu, akarudi kushika meza, akaendelea kungoja.

Mzee wa kanisa mmoja, mnene, anayeongea kila neno kama anaweka muhuri, alimwambia: "Mwinjilisti. Tunachelewesha. Ibada. Ya Bwana."

Akamjibu, "Bwana mwenyewe hana haraka, mzee wangu. Angekuwa na haraka, wewe na mimi tungekuwa wapi saa hizi?"

Wageni walikuwa wanauliza, huyu mtu anayengojwa ni nani, kiongozi wa serikali? Sisi wenyeji hatukuuliza. Tulijua anamngoja binti yake, Milembe. Alimpoteza Jumapili moja kwa kinywa chake mwenyewe, humo humo ndani, sisi tukiangalia. Na mimi nilikuwa na mkono wangu katika jambo hilo. Nitafika, msinisukume.

Nianze na uvumilivu wake, maana ndio ulioniingiza kanisani. Mimi nilifika darasa la ubatizo nikiwa mtu mzima, nina watoto, nina nyavu zangu za kuanikia dagaa hapa mwaloni, panaposhushiwa samaki. Wenzangu walikaa darasani mwaka mmoja. Mimi nilikaa minne. Wengine wanaingia, wanajibu, wanabatizwa, wanaoa, wanaleta watoto wao wabatizwe, mimi bado niko palepale kwenye mkeka.

"Mayu," ananiambia, ndivyo alivyokuwa ananiita, kwa heshima, kama wanavyoita mama Wasukuma, "amri ya tatu inasemaje?"

"Inasema nisichelewe kuanua dagaa mvua ikija."

"Hiyo ni ya kwako. Ya Mungu inasemaje?"

"Hiyo ya kwake amuulize mwenyewe, mimi nimeisahau."

Mwalimu mwingine angenitimua. Yeye anacheka puani, anairudia. Wiki ijayo anairudia tena. Alikuja hata mwaloni, amekunja suruali mpaka magotini, anapindua dagaa na mimi huku ananiimbia amri kumi, maana aligundua kwamba kitu nikiimbiwa hakitoki. Siku niliyozijua zote nilizisema kwa sauti yake, na puani vilevile. Mchungaji aliyekuja kubatiza alidhani nina kasoro ya pua.

Nikamuuliza siku ile, nimeshalowa maji, "Mwinjilisti, miaka minne hukuchoka?"

Akasema, "Nitachokaje na mimi nafanya kazi ya mtu asiyechoka? Nyie mnadhani mnamngoja Mungu. Yeye ndiye ameshakaa kwenye benchi nje, amekunja mikono, anangoja wewe ujifunge kitenge utoke."

Maneno yake yalikuwa ya namna hiyo. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Mwaka mmoja mvua ilinyesha siku tatu bila kukata, dagaa wangu wote wakaoza juu ya nyavu, mzigo wa msimu mzima. Nilisimama pale nikamtukana Mungu, sifichi, nikamwita majina. Mwinjilisti akaja na koleo. Sijui alinisikia au hakunisikia. Akaanza kuzoa ule uozo pamoja na mimi, tunatia kwenye viroba upelekwe kwa watu wa chakula cha kuku. Tulizoa mpaka mchana hatujasemezana. Mwisho akasema, "Jua litatoka, Mayu."

"Lini?"

"Sijui. Mimi siyo mwenye jua."

Sasa mtu huyohuyo, mkarimu wa muda kiasi hicho, alikuwa hawezi kungoja chai ipoe. Hii ndiyo ilikuwa inanimaliza! Anakunywa inachemka, anaungua, anarusha mguu, anameza, anaungua tena. Ugali unatoka jikoni unafuka moshi, yeye mkono umo. Maharage alikuwa anayala hayajaiva. Nyimbo za kanisa alikuwa anaziongoza mbiombio mpaka kwaya inabaki nyuma kama mtu aliyekatikiwa na kandambili njiani. Mimi nilikuwa nawaambia wanawake, "Mungu wa huyu ni mvumilivu, ila tumbo lake limeokoka juzi tu."

Mkewe alikufa Milembe akiwa anatambaa. Hakuoa tena. Alimlea yule mtoto peke yake, anamsuka nywele mwenyewe, mistari inakwenda upogo, mtoto anatoka na kichwa kama shamba lililolimwa na mlevi. Tulikuwa tunamwita pembeni tunamsuka upya, na yeye Milembe anakataa. Anasema, "Baba atajua." Alipokua, kazi ya kengele ikawa yake. Kengele yetu ni ringi ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwenye mti wa nyuma ya kanisa, unaigonga kwa nondo. Alikuwa na namna yake ya kugonga, mbili nzito na moja nyepesi. Ukiwa kwenye mitumbwi huko mbali unajua leo kagonga Milembe.

Haya. Sasa nimefika, na nilikuwa natafuta njia ya kuzunguka.

Kanisani kwetu siku zile aliyeanguka alikuwa anasomwa. Binti akipata mimba hajaolewa, mwanaume akiongeza mke, mtu akikutwa kwa mganga, Mwinjilisti anafungua daftari baada ya matangazo, anasoma jina lako mbele ya watu wote. Kuanzia hapo unakaa benchi la nyuma, Meza ya Bwana huigusi, mpaka utakapotubu mbele ya kanisa na kupewa mkono. Mwinjilisti alikuwa anasoma taratibu, hana furaha nayo, lakini anasoma.

Alimsoma binti yangu Kabula. Alikuja nyumbani siku moja kabla, akaniambia kwa adabu, "Mayu, kesho nitamsoma Kabula." Nikamwambia soma. Kabula alikaa nyuma, akatubu, akarudi, akaolewa, akasahau. Mimi sikusahau. Mimi niliyefundishwa na mtu huyu kwa miaka minne, niliweka lile jina moyoni kama mwiba wa samaki unaokaa kooni.

Mwaka uliofuata ikaanza kusemwa mwaloni kwamba Milembe ana mimba. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Ilikuwa Ijumaa, tunapindua dagaa, wanawake labda kumi. Mmoja akasema, "Ehee, tuone sasa. Wa kwake atamsoma?" Wakanigeukia mimi, maana wanajua. Na mimi nani wa kukataa? Nikatupa kitenge begani kama koti lake, nikachukua kipande cha boksi nikafanya daftari, nikapandisha sauti puani: "Walioanguka wiki hii ni... ni... aa, ukulasa huu umelowa maji. Huu nao umeliwa na panya. Basi ndugu zangu, wiki hii hakuna aliyeanguka, tusimame tuimbe!" Nikalikalia lile boksi. Wanawake walikuwa chini, wanagaagaa kwenye mchanga. Nilifanya mara ya pili, vizuri zaidi.

Nikaona mmoja ameacha kucheka, anaangalia nyuma yangu. Nikageuka. Mwinjilisti amesimama pale, ana sato wawili kwenye kamba, kaja kununua samaki. Alikuwa ameona yote.

Hakukasirika. Heri angekasirika. Aliniangalia, akasema, "Umeniigizia vizuri, Mayu." Akaondoka na sato wake.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Milembe alikuwa ameshamwambia baba yake mwenyewe, siku moja kabla ya ule mchezo wangu. Alimpigia magoti akamwambia, "Baba, nisubiri Jumapili moja tu. Yule kijana anakuja na wazee wake wiki ijayo, wameshakubali. Usinisome hii, nisubiri hiyo nyingine." Na baba alikuwa amesema ndiyo. Jumapili moja, nani angekufa? Angewasubiri wengine miaka minne ashindwe kumsubiri mtoto wake siku saba?

Jumapili ile kengele iligongwa na Milembe mwenyewe. Mbili nzito, moja nyepesi. Akaingia, akakaa na kwaya, amevaa joho lake la bluu. Matangazo yakaisha. Mwinjilisti akafungua daftari. Mikono yake ilikuwa imetulia, hilo nalikumbuka, ila macho yake aliyaleta kwangu. Kanisa zima alinichagua mimi. Halafu akasoma jina la mwanawe, na jina la ukoo wake mwenyewe, na kosa.

Milembe hakulia. Alisimama, akavua joho, akalikunja vizuri mara nne, akaliweka kwenye benchi. Akapita katikati yetu akatoka kwa mlango ule mkubwa. Mwinjilisti akaendelea, akasoma jina la mwanaume mmoja aliyeoa mke wa pili, na sauti yake haikutetemeka. Tulipotoka, binti hayupo. Nyumbani hayupo. Amechukua nguo zake kwenye mfuko wa salfeti na kwenda, na hakuna aliyemwona barabarani.

Jumapili iliyofuata wakaja. Kijana na wazee wake watatu, wamevaa makoti, wamepiga pasi, wamebeba na jogoo. Walichelewa njiani, wakafika tumeshaimba wimbo wa mwisho. Wakasimama mlangoni wanatabasamu, wanatafuta kwa macho. Wakakuta tumeshamsoma. Mmoja wao, mzee mrefu, alisema tu, "Si tulisema tunakuja?" Waliondoka na jogoo wao.

Tangu Jumapili ya tatu yake ndipo likaanza hilo la kusubiri. Kengele inagongwa, sasa na mtu mwingine, hovyohovyo, na yeye anashika meza. "Tusubili kidogo. Kuna mtu yuko njiani." Na daftari lile hakulifungua tena. Mchungaji alilihoji, akajibiwa kwamba limepotea. Halikupotea. Mimi niliona analitumia kuinulia mguu mfupi wa meza.

Kingine alichofanya ni hiki. Mchungaji alipokuja kwa ajili ya Meza ya Bwana, Mwinjilisti alitandika kitambaa cheupe, akapanga vikombe, akaandaa kila kitu, halafu akateremka akaenda kukaa benchi la nyuma, na wale waliosomwa. Mchungaji, yule wetu mwembamba anayemalizia kila sentensi kwa kuipandisha juu kama swali, akamfuata nje baada ya ibada. "Mwinjilisti, wewe hukutengwa? Mungu ameshakusamehe?"

"Najua, baba. Yeye kanisamehe zamani. Namngoja mtu tule pamoja."

Nilimgombeza. Nilimwambia, "Unajinyima nini? Unadhani Mungu anapenda ukae na njaa?" Akaniambia, "Sina njaa, Mayu. Mtu akimngojea mwenzake chakula si kwamba kasusa." Miaka ikaenda hivyo. Kumi, ikazidi. Akajenga uzee wake pale benchi la nyuma. Siku nyingine tuliona wamebaki yeye na mlevi mmoja tu.

Mimi sikumwambia kitu kuhusu lile boksi. Nilimletea dagaa, wale weupe waliokaushwa vizuri. Nilimchotea maji kisima kilipokauka. Nilifagia kanisa bila kuombwa. Kila kitu nilifanya isipokuwa kufungua mdomo, mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kufungwa.

Tulimzika mwaka jana, wakati wa upepo. Kaburi liko upande wa ile ringi. Mwinjilisti mpya, kijana mzuri, mwenye saa mkononi, alisema, "Ndugu waombolezaji, muda umefika, tuanze." Nikasikia mdomo wangu umesema, "Tusubili kidogo." Sikuwa naigiza. Ilitoka yenyewe, na L yake. Watu wakageuka, wengine wakanikasirikia, na halafu hakuna aliyesogea. Tulisimama pale muda wa beti nne. Tukasimama na nyingine nne. Vumbi linatupiga, wanaume wameshika makoleo, wote tumegeukia barabara inayotoka Igombe.

Hakuja. Tukamteremsha.

Najua mtauliza, je, Milembe alikuwa anajua kwamba anangojwa? Alijua. Na hapo ndipo nataka kuishia, maana siku niliyomwona Mwinjilisti mara ya mwisho akiwa na fahamu zake ilitokana na hilo.

Miezi michache kabla hajafa nilipeleka dagaa Magu, kwenye gulio. Nimetandaza turubai langu, nasikia nyuma yangu mwanamke anabishana na mteja. "Mchele wangu hauna mawe, mama. Ukikuta jiwe urudishe nikupe mwingine." Nilikaza shingo. Miaka kumi na sita sijaisikia sauti ile. Nikageuka. Amenenepa, amefunga kilemba, ana meza yake ya mchele, na kando yake binti mkubwa aliyevaa sare za shule anajaza kopo. Huyo binti alikuwa na paji la uso la Mwinjilisti, utadhani kalivua akampa.

"Milembe," nikasema.

Aliniangalia muda mrefu. Akapiga goti kidogo, adabu haikumtoka. "Shikamoo, Mayu."

"Marahaba, mwanangu."

"Bado unaigiza watu?"

Kumbe aliyasikia. Dunia nzima iliyasikia. Nikamwambia, "Baba yako haoni. Macho yamefunga. Yuko Buswelu, kwa mpwa wake. Kila Jumapili, mpaka alipostaafu, alikuwa anaisimamisha ibada anakungoja wewe. Mlango haufungwi. Meza ya Bwana hajaigusa tangu siku ile."

Alikuwa anapima mchele wa mteja. Alijaza kopo, akalisawazisha juu kwa kiganja, akamimina kwenye mfuko, akafunga fundo. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Mwambie asiningoje."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Hivyo tu, Mayu."

Siku ileile nilishukia stendi ya Buzuruga saa tisa mchana, nikachukua bodaboda mpaka Buswelu. Nilimkuta chumbani kwake, amekaa kwenye kigoda ameuelekea mlango ulio wazi. Alikuwa amekwisha. Shati linamvaa yeye. Mke wa mpwa wake alitoka kuniletea chai, nami nikaiona ya Mwinjilisti iko pale pembeni imepoa imefanya utando juu. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Mtu yule aliyekuwa anaungua kwa chai, ameiacha ikapoa.

"Nani huyo?"

Nilikuwa namtazama, na yale maneno ya Magu yako mdomoni, mazito. Nikajiambia, haoni. Haoni, na ana muda mchache, na wewe ndiye uliyemvunjia nyumba kwa kipande cha boksi. Sauti ya yule mtoto unayo, umetoka kuisikia sasa hivi, ingali mbichi. Utashindwa nini?

Nikaisema. Ile sauti yake ya chini, yenye ukavu kidogo. "Baba, shikamoo. Ni mimi. Nimerudi."

Jamani. Sijawahi kuona mtu akisimama vile. Yule mzee ambaye walikuwa wanamwinua wawili alisimama peke yake. Kikombe kilianguka, chai ikamwagika miguuni kwake wala hakuisikia. Mikono yote miwili ilikuwa mbele yake inatafuta hewani, na hakuita jina. Alisema, "Kaa, mwanangu, kaa, umetembea sana, kaa." Na anahangaika nyuma yake kutafuta kile kigoda ili anipe mimi.

Hapo nikashindwa. Nikamshika mikono. "Ni mimi, Mwinjilisti. Ni Mama Kabula. Ni mimi tu."

Alibaki amesimama. Vidole vyake vilipita kwenye viganja vyangu, vikakutana na sugu za kuanika dagaa, vikazijua. Kisha akakaa pole pole, na uzee wote ukamrudia mara moja.

"Umeniigizia vizuri, Mayu," akasema.

Maneno yaleyale. Nikalia mbele yake, mimi mzima hivi, nikamtolea yote. Lile boksi, Kabula, mwiba wangu wa mwaka mzima. Nikamwambia, mimi ndiye niliyekufanya umsome. Alingoja nikamaliza. Hakunikatiza hata mara moja.

"Ulicheza mchezo," akasema. "Mdomo uliosoma ulikuwa wangu. Niliogopa kuchekwa na watu, nikashindwa kuvumilia siku saba. Yeye Mungu ananivumilia mpaka leo." Akapangusa pua. "Umetoka kumwona. Usingeipata sauti hiyo bila kumwona. Haya, sasa niambie alichosema mwenyewe. Kwa sauti yake. Usiongeze."

Nikamwambia, Mwinjilisti, niache. Akasema, sema. Basi nikakaa chini sakafuni, nikafumba macho na mimi, nikamletea Milembe alivyo, na ule utulivu wake wa kupima mchele.

"Mwambie asiningoje."

Nje kulikuwa na kuku, na redio ya jirani. Niliona anaigeuzageuza ile sentensi mdomoni kama anatafuta mfupa.

"Alisema kwa hasira?"

"Hapana. Alikuwa anafunga mfuko wa mchele."

"Ulimwambia wewe kwamba nangoja?"

"Nilimwambia."

"Na hakusema, 'Mwongo'?"

"Hakusema."

Akatikisa kichwa, akatikisa tena. Machozi yalikuwa yanateremka kwenye yale macho yasiyoona, na huku chini ya pua namwona anataka kucheka.

"Basi anajua," akasema. "Anajua kwamba nangoja."

Akaniuliza kama ana mtoto. Nikamwambia ana binti, ana paji lako la uso, Mungu amsaidie. Akacheka kweli hapo. Akaniuliza kama huyo binti amesukwa vizuri, nikamwambia mistari imenyooka. Akasema amechoka, nimwinue nimlaze kitandani, uso uelekee mlangoni.

Wingu lilikuwa limepanda upande wa ziwa, jeusi, na nilikuwa na turubai langu na viroba vya kuwahisha. Nilipofika mlangoni nikaona matone ya kwanza yanapiga vumbi la uani. Nikashika mlango niurudishe, mvua isije ikamlowesha.

"Mayu," akaniita kutoka kitandani, "uache hivyo hivyo."

Nikauacha.